Kesho Ninunue Ndoo Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kutabiri Mvua ya Kesho Mwanza kwa Takwimu na Ujifunzaji wa Mashine

Saa 12 jioni kwenye mwalo wa Igombe hapa Mwanza, mitumbwi ya dagaa inajiandaa kuingia ziwani na taa zake, na wanunuzi wanahesabu fedha za alfajiri. Mama mmoja ambaye ameanika dagaa kwa miaka mingi aliniitikia shikamoo yangu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayeshinda na kompyuta, hebu niambie. Kesho ninunue ndoo ngapi?"

Swali lake lilikuwa la ndoo, na mvua ilikuwa imejificha ndani yake. Jua kali la siku moja hukausha dagaa vizuri. Mvua ya nusu saa ikiwakuta wamekauka nusu, wanaanza kunuka, wanakatika, na mzigo uliokuwa wa chakula cha watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mwongozo huu unatokana na jitihada zangu za kumjibu. Ukiufuata hadi mwisho utakuwa na chombo chako mwenyewe kinachotoa namba moja kila jioni: uwezekano wa mvua kesho, wakati wa kuanika.

Unahitaji kompyuta ya kawaida, intaneti ya kupakua data, na hesabu za kidato cha nne. Nusu ya kwanza ya kazi inafanyika kwenye Excel au LibreOffice. Nusu ya pili inataka lugha ya programu iitwayo Python pamoja na maktaba zake mbili, pandas na scikit-learn, na zote ni za bure.

Kabla hatujaanza, kuna jambo moja ninaloliomba kwa moyo wote. Chombo hiki ni cha kuanika, usikitumie kuamua safari za majini. Dhoruba za usiku ziwani zinaua watu. Kutangazia umma tabiri na tahadhari ni kazi ambayo sheria imeikabidhi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ambayo ina rada yake hapa Mwanza na wataalamu wanaokesha. Anayeingia ziwani asikilize TMA.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Wengi huanza na data. Anza na swali, liandike kwenye karatasi, libandike ukutani. La kwangu linasema hivi: "Je, kesho kati ya saa 1 asubuhi na saa 10 jioni, Igombe itapata mvua ya milimita 1 au zaidi?" Jibu linatolewa leo saa 12 jioni, na ni uwezekano kuanzia 0 hadi 1.

Kila neno hapo lina kazi. Mvua ya saa 8 usiku haimhusu mwanikaji, kwa kuwa dagaa bado wako ziwani. Milimita 1 ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita ya mraba, na ndicho kiwango kinachotumika sana duniani kutenganisha siku ya mvua na siku kavu. Chini ya hapo vipimo vya setilaiti haviaminiki sana. Saa 12 jioni ndiyo saa ya uamuzi, kwa hiyo taarifa yoyote inayopatikana baada yake ni haramu kwenye hesabu hii. Tutalirudia hili, maana ndipo nilipoanguka.

Hatua ya 2: Ifahamu mvua ya ziwa hili

Mashine, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data, itatafuta uhusiano popote, hata pasipo na maana. Anayejua jinsi mvua inavyozaliwa huionyesha mahali pa kutafuta.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na linatengeneza upepo wake lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja pwani. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na uvuguvugu, na upepo hutoka pande zote za pwani kwenda katikati ya ziwa. Pepo hizo zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Hewa yenye unyevu hupanda, mawingu ya radi hujengeka, na mvua kubwa hunyesha juu ya maji kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Pepo za mashariki, ambazo ndizo zinazotawala ukanda huu, huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi. Ndiyo sababu Bukoba hupata karibu mara mbili ya mvua ya Mwanza kwa mwaka, ingawa miji yote miwili inakunywa maji ya ziwa moja.

Mwanza iko kusini, kwenye mdomo wa ghuba. Dhoruba ya usiku ikipotoka kidogo njiani, mabaki yake yanatufikia asubuhi, wakati dagaa ndio kwanza wanatandazwa.

Juu ya mzunguko huo wa kila siku kuna mzunguko wa misimu: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika kuanzia Machi hadi Mei, Januari na Februari mvua hupungua bila kukoma, na Juni hadi Agosti ni ukavu. Vuli ndiyo inayoyumbishwa zaidi na bahari za mbali. Joto la Bahari ya Hindi likielemea upande wetu, kama ilivyokuwa mwaka 2019, vuli hufurika. Ziwa lilipanda hadi mwaka uliofuata likameza nyumba na mialo.

Hatua ya 3: Kusanya data, na uzipange kwa saa moja

Kwa mvua, ninapendekeza IMERG ya NASA, yaani makadirio ya mvua kutoka kwenye setilaiti. Inatoa kipimo kila nusu saa, kwenye miraba ya takriban kilomita 11, kuanzia mwaka 1998. Wengi hukimbilia CHIRPS, kumbukumbu nyingine ya mvua, kwa kuwa inaanzia 1981 na miraba yake ni midogo, kilomita 5 hivi. Ni hazina kwa kazi za ukame na kilimo. Lakini CHIRPS hujengwa kwanza kwa jumla za siku tano tano, kisha jumla hizo hugawanywa kwa siku. Kwa swali la saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni haitufai.

Kwa upepo, halijoto, unyevu na kanieneo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ERA5, kumbukumbu ya hali ya anga ya kituo cha hali ya hewa cha Ulaya, ECMWF, yenye data za kila saa tangu 1940 kwenye miraba ya kilomita 31 hivi. Ya pili, na ndiyo ninayoitegemea, ni ripoti za Uwanja wa Ndege wa Mwanza, ambao alama yake ya kimataifa ni HTMW. Ripoti hizo zina upepo, halijoto, halijoto ya umande (yaani halijoto ambayo hewa ikipoa hadi hapo umande huanza kutokea) na kanieneo, na za miaka iliyopita zimehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Iowa State cha Marekani kwa yeyote anayetaka kuzipakua.

Kwa nini uwanja wa ndege? ERA5 huchelewa siku tano hivi. Ukiifundishia mashine, utakuta siku ya kazi huna cha kuilisha. Ripoti ya uwanja ya saa 12 jioni unaipata saa 12 jioni hiyohiyo.

Sasa suala la saa. Data zote hizi zinaandikwa kwa saa ya Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Anayesoma saa kwa Kiswahili ana njia ya mkato: toa 3 kwenye saa ya Greenwich, unapata saa yetu. Ripoti ya 0600 ni saa 3 asubuhi. Ya 1500 ni saa 12 jioni. Dirisha letu la kuanika, saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, ni 0400 hadi 1300 ya Greenwich. Jumlisha mvua ya IMERG ya nusu saa zote zilizo ndani ya dirisha hilo, kisha andika 1 kama jumla imefika milimita 1, la sivyo andika 0. Safu hiyo ya 0 na 1 ndiyo moyo wa kazi yote.

Mtego mwingine wa saa uko kwenye kipimo cha kopo, yaani chombo kinachokinga mvua ili ipimwe, ambacho husomwa saa 3 asubuhi. Maji utakayoyakuta Jumanne saa 3 asubuhi ni ya tangu Jumatatu saa 3 asubuhi. Baadhi ya vitabu vya kumbukumbu huandika maji hayo kwenye mstari wa Jumanne, vingine huyarudisha Jumatatu. Mahali ambapo mvua hunyesha mchana tofauti hiyo haisumbui sana. Hapa kwetu, ambako alfajiri ndiyo yenye mvua, inaharibu kila kitu.

Mimi iliniharibia miezi miwili. Nilikuwa na kumbukumbu za kopo zilizorudishwa siku moja nyuma, nikatengeneza safu niliyoiita "mvua ya jana". Mashine ikafaulu ajabu. Nilifurahi, nikawaeleza watu. Kumbe "mvua ya jana" ilikuwa na maji yaliyonyesha hadi saa 3 asubuhi ya siku yenyewe ninayoitabiri. Mtihani ulikuwa umevuja, na aliyeuvujisha ni mimi. Nilipoirekebisha, ufaulu ukaporomoka, na kazi ya kweli ikaanza hapo.

Kuna kipimo rahisi cha kugundua tatizo hili. Chukua safu ya kopo na safu ya setilaiti, tafuta uhusiano wake mara tatu: kama zilivyo, ukiwa umesogeza moja siku moja mbele, na ukiwa umeisogeza siku moja nyuma. Uhusiano ukiwa mkubwa zaidi baada ya kusogeza, tarehe zako hazijakaa sawa.

Ukiweza, weka kopo lako mwenyewe. Faneli yenye upana wa sentimita 20 juu ya chupa inatosha. Eneo la mdomo wake ni sentimita za mraba 314, kwa hiyo kila mililita 31.4 ya maji ni milimita 1 ya mvua. Liweke mahali pa wazi, mbali na ukuta au mti angalau mara mbili ya urefu wa ukuta au mti huo. Setilaiti inaona mraba wa kilomita 11, kopo linaona mwalo wako.

Hatua ya 4: Hesabu kwanza kwa mkono

Usiguse ujifunzaji wa mashine kabla ya kujua hesabu za kawaida zinakupa nini. Hesabu ya kwanza ni ya msimu: katika miaka yako yote, siku za Aprili zenye mvua ni ngapi kwa kila mia? Fanya hivyo kwa kila mwezi. Huo ni utabiri kamili, na kuna mashine nyingi zinazoshindwa kuupita.

Hesabu ya pili huangalia jana na leo. Siku za mvua huja kwa makundi, na siku kavu vilevile. Mwaka 1962, watafiti Gabriel na Neumann walionyesha kwa mvua ya Tel Aviv kwamba mnyororo rahisi wa Markov, yaani kuiangalia siku moja iliyopita tu, unaeleza vizuri mpangilio wa siku za mvua na kavu. Kwenye Excel, kama safu C ina 0 na 1 zako, idadi ya siku za mvua zilizofuatwa na mvua ni:

=COUNTIFS(C2:C3000,1,C3:C3001,1)

Ukibadilisha 1 ya kwanza kuwa 0, unapata siku kavu zilizofuatwa na mvua. Tuseme, kwa mfano wa darasani tu, Aprili zako zina siku 300. Siku 120 zilikuwa za mvua na 66 kati yake zikafuatwa na mvua: hiyo ni 0.55. Siku 180 zilikuwa kavu na 54 zikafuatwa na mvua: hiyo ni 0.30. Bila kuangalia leo ungesema 0.40 kila siku. Ukiiangalia leo una namba mbili badala ya moja. Weka takwimu zako halisi, mwezi kwa mwezi.

Kumbuka safu hii inahesabu dirisha la mchana, na leo saa 12 jioni dirisha limeshafungwa, kwa hiyo jibu la leo ni halali kulitumia. Kasoro ni kwamba hata toleo la haraka la IMERG huchelewa saa kadhaa. Kwa "leo", tumia kopo lako au macho yako.

Hatua ya 5: Pima kwa shilingi

Wataalamu wengi huiweka hatua hii mwisho, au huiacha kabisa. Mimi naiweka hapa kwa sababu ndiyo inayokuambia unatafuta nini.

Kaa na mwanikaji, muulize mambo mawili. Kujikinga kunagharimu kiasi gani, yaani turubai, vibarua wa kuokota haraka, au faida inayopotea kwa kununua ndoo chache? Na mvua ikimkuta hajajikinga, anapoteza kiasi gani? Tuseme kinga ni shilingi 15,000 na hasara ni shilingi 60,000. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 0.25. Hicho ndicho kizingiti chake. Uwezekano wa mvua ukizidi 0.25, ajikinge. Ukiwa chini, aanike kwa moyo mweupe.

Sasa rudi kwenye mfano wa Aprili. Mnyororo wa Markov ulitoa 0.55 na 0.30. Zote ziko juu ya 0.25, kwa hiyo mama angejikinga kila siku ya Aprili, uwe umemwambia au hujamwambia. Utabiri wako ni sahihi kihesabu na haumletei hata shilingi moja. Kinachomfaa ni chombo kinachoweza kusimama katikati ya Aprili na kusema kwa haki: kesho ni 0.12, anika. Kutafuta siku kavu ndani ya masika, na siku za hatari ndani ya Februari, ndiyo kazi pekee tunayoiomba mashine. Julai haitatusaidia sana, na wala haihitaji.

Kila mwanikaji ana kizingiti chake. Mwenye turubai lake mwenyewe kizingiti chake kiko chini kuliko wa kukodi. Ndiyo maana tunatoa uwezekano na kumwachia mwenye mzigo uamuzi.

Hatua ya 6: Chagua viashiria

Kila mstari wa jedwali lako ni siku moja, na kila safu ni kitu kinachojulikana kufikia saa 12 jioni. Safu chache zenye maana hushinda safu mia. Hizi ndizo zilizonifaa kuanzia.

Kwanza, mvua ya leo katika dirisha letu, mvua ya usiku wa kuamkia leo, na idadi ya siku za mvua katika siku saba zilizopita. Ardhi iliyolowa na hewa yenye unyevu haziondoki kwa usiku mmoja. Kwa pandas, kuiweka jana kwenye mstari wa leo ni hivi:

data["mvua_jana"] = data["mvua"].shift(1)

Pili, halijoto ya umande ya saa 12 jioni. Ni kipimo bora cha unyevu kuliko asilimia ya unyevu, kwa kuwa asilimia hupanda na kushuka na jua hata kama maji yaliyomo hewani hayajabadilika.

Tatu, kanieneo, na hapa uwe makini. Katika nchi za tropiki kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu wake, likifika kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Ukilinganisha saa 12 jioni na saa 4 asubuhi, utaona limeshuka, utadhani dhoruba inakuja, kumbe ni pumzi ya kawaida ya anga. Linganisha saa 12 jioni ya leo na saa 12 jioni ya jana.

Nne, upepo. Uelekeo wa upepo ni nyuzi za duara: 359 na 1 ni majirani, lakini mashine inaona namba mbili zilizo mbalimbali. Geuza uelekeo kuwa safu mbili, saini na kosaini yake, kila moja ikizidishwa na kasi. Weka upepo wa saa 9 alasiri, unaokuonyesha nguvu ya upepo wa ziwani, na wa alfajiri ya leo, unaokuonyesha nguvu ya ule wa nchi kavu.

Tano, tarehe. Nayo ni duara, Desemba 31 inagusana na Januari 1. Chukua namba ya siku katika mwaka, zidisha kwa 360, gawanya kwa 365, kisha tafuta saini na kosaini.

Mwisho, kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, kuna wimbi la mvua linaloizunguka tropiki kwa siku 30 hadi 60, liitwalo Madden na Julian kwa heshima ya waliolieleza. Mwaka 2004 watafiti Wheeler na Hendon waliliwekea vipimo viwili vya kila siku, na ofisi ya hali ya hewa ya Australia huvitoa bure. Ongeza vyote viwili, ukitumia vya siku chache nyuma.

Hatua ya 7: Fundisha mashine, kwanza ile rahisi

Anza na rigresheni ya logistiki. Inakipa kila kiashiria uzito, inajumlisha, kisha inaibana jumla hiyo, tuiite z, iwe kati ya 0 na 1 kwa kanuni hii: 1 gawanya kwa (1 + e^−z), ambapo e ni namba 2.718 hivi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuusoma uzito na kuuliza kama una akili. Ukikuta halijoto ya umande ikipanda uwezekano wa mvua unashuka, simama. Ama data zina kasoro, ama viashiria viwili vinabeba habari moja na kunyang'anyana.

Kisha jaribu msitu wa miti ya maamuzi, njia aliyoichapisha Leo Breiman mwaka 2001. Mti mmoja huuliza maswali mfululizo: umande wa jioni umezidi nyuzi 18? Upepo wa alfajiri ulitoka mashariki? Jana ilinyesha? Mwishoni unafika kwenye tawi lenye siku zinazofanana, na unahesabu ngapi kati yake zilinyesha. Mti mmoja hukariri. Ni kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mitihani iliyopita: mbadilishie namba tu, amekwisha. Breiman alipanda mamia ya miti, kila mmoja ukaoneshwa sehemu tu ya siku na sehemu tu ya viashiria, kisha akachukua wastani wao. Makosa yao hayafanani, hivyo hufutana.

Kwenye scikit-learn weka miti 500, na usiruhusu tawi la mwisho libaki na siku chini ya 20. Kizuizi hicho cha 20 ndicho kinachozuia kukariri, na ndicho cha kwanza ninachokibadilisha ninapojaribu. Miti inayojengwa kwa zamu, kila mmoja ukisahihisha makosa ya uliotangulia, wakati mwingine hupata kidogo zaidi na hutaka uangalizi zaidi.

Mitandao ya neva, aina nyingine ya programu zinazojifunza, iache kwanza. Kuanzia 2001 hadi 2024 kuna siku 8,766 tu, na kwa mitandao mikubwa hicho ni kiganja cha data.

Hatua ya 8: Mtihani usiovuja

Usichanganye siku kama karata kisha ukatenga sehemu ya mtihani. Aprili 14 na Aprili 15 ni ndugu. Moja ikiwa darasani na nyingine mtihanini, majibu yamevuja. Gawa kwa miaka: fundisha kwa 2001 hadi 2017, rekebisha kwa 2018 hadi 2020, na miaka ya 2021 hadi 2024 ifunge, usiiguse mpaka siku ya mwisho. Ukiifungua mara ya pili baada ya kurekebisha, si mtihani tena. Angalia pia kwamba vuli ya ajabu ya 2019 imo kwenye sehemu ya kurekebishia, ili uone mashine inavyofanya mwaka unapokataa kufanana na mingine.

Sasa alama. Asilimia ya majibu sahihi ni mtego wa zamani. Mwaka 1884 John Park Finley wa Marekani alitoa tabiri 2,803 za tufani aina ya tornado, na 96.6 kwa kila mia zikawa sahihi. Wakosoaji wake wakaonyesha kwamba angesema "hakuna tufani" kila siku, angepata 98.2. Nawe ukisema "hakuna mvua" Julai nzima utapata alama za juu na hutakuwa umemsaidia mtu.

Tumia alama ya Brier, aliyoipendekeza Glenn Brier mwaka 1950. Toa kilichotokea (1 au 0) kwenye uwezekano uliotaja, zidisha tofauti kwa yenyewe, kisha chukua wastani wa siku zote. Ulisema 0.7 na ikanyesha: 0.09. Ulisema 0.7 na haikunyesha: 0.49. Alama ndogo ndiyo nzuri. Kisha gawanya alama ya mashine kwa alama ya hesabu ya msimu ya Hatua ya 4, na utoe jibu kwenye 1. Ukipata 0, mashine haijaongeza chochote juu ya kalenda. Chini ya 0, ni mbaya kuliko kalenda. Kwa mvua ya tropiki usitarajie kukaribia 1, 0.1 au 0.2 ya haki ni kazi ya kuheshimika. Ukipata 0.7, tafuta mvujo.

Fanya ukaguzi mwingine mmoja. Kusanya siku zote ulizosema karibu 0.3. Je, karibu tatu kati ya kila kumi zilinyesha? Fanya hivyo kwa 0.1, 0.2, na kuendelea. Mama ataweka fedha zake kwenye kizingiti cha 0.25, kwa hiyo 0.25 yako lazima iwe 0.25 ya kweli.

Hatua ya 9: Ajiri utabiri wa dunia kama kiashiria kimoja

Kuna kompyuta kubwa zinazokokotoa anga la dunia nzima, na tangu 2023 kuna mifumo ya akili mnemba kama GraphCast ya Google DeepMind, iliyojifunza kutoka ERA5. Ni kazi kubwa. Lakini miraba ya GraphCast ina upana wa kilomita 28 hivi, na mraba mmoja unaweza kumeza Kirumba, Igombe na maji ya mbele yake. Mkutano wa pepo za ziwa huonekana humo kwa ukungu.

Jibu ni la zamani. Mwaka 1972 watafiti Glahn na Lowry walieleza jinsi ya kuchukua matokeo ya mfumo mkubwa na kuyasahihisha kwa takwimu za kituo kimoja. Huduma ya Open-Meteo inatoa bure tabiri za mifumo mikubwa pamoja na kumbukumbu za tabiri zilizopita. Ongeza safu moja: mvua ambayo mfumo mkubwa ulitabiri kwa dirisha letu, kwa utabiri uliokuwepo jioni ya jana yake. Kumbukumbu hizo ni za miaka michache tu, kwa hiyo tumia rigresheni ya logistiki yenye safu mbili: utabiri mkubwa, na uwezekano wa msitu wako. Kwa hatua hii moja nilipata faida kubwa kuliko kwa viashiria vyote nilivyoongeza kwa mwaka mzima.

Hatua ya 10: Utaratibu wa kila siku

Saa 12 jioni: ripoti ya HTMW ya 1500, kopo, utabiri mkubwa. Programu inatoa namba. Ninamwandikia mama ujumbe wa simu kwa namna tuliyokubaliana: "Kesho 2 kati ya 10." Asilimia tuliziacha mapema, "siku kumi kama hii, mbili hunyesha" ilieleweka mara moja.

Saa 10 alfajiri ninaangalia picha za setilaiti ya Meteosat, ambazo hutoka kila baada ya dakika 15. Mawingu ya radi yakiwa katikati ya ziwa na yanaelekea magharibi, namba inabaki. Yakiwa karibu na Ukerewe na yanashuka kusini, ninampigia kabla mitumbwi haijafika, kwa sababu akishalipia ndoo amekwisha amua. Hapo jicho linaishinda mashine, na sioni haja ya kulificha hilo.

Kisha daftari. Mstari mmoja kwa siku: tarehe, namba niliyosema, namba ya alfajiri, kopo lilisema nini, na mama alifanya nini. Safu hiyo ya mwisho anaijaza mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi tunakaa mwaloni, tunatafuta alama ya Brier ya siku 30, halafu tunapitia siku tulizokosea moja moja. Mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka: siku ile upepo ulinyamaza jioni mapema, majani hayakutikisika. Utulivu wa upepo wa saa 11 jioni sikuwa nao kwenye jedwali. Sasa upo.